Filamu za laana ya Misri: tuulize kwanza mwizi ni nani

Vijana wengi wa huku Kalemie wanajua filamu za mumia kuliko wanavyojua hadithi za mababu zao. Kwenye nyumba za video, pahali ambapo mtafsiri anaweka Kiswahili chake juu ya sauti ya wachezaji, filamu hizi hazichoshi watu. Wazungu wanaingia kaburi la kale katika jangwa la Misri, wanafungua sanduku, maiti iliyokaushwa na kufungwa vitambaa inaamka, watu wanaanza kufa. Na swali linalonifikia kwenye redio ni lile lile kila mara: je, laana ile ni ya kweli?

Mimi naona swali hilo si la kwanza. La kwanza ni hili: nani aliingia katika kaburi la mtu mwingine, na kwa ruhusa ya nani? Karibu miaka mia moja sasa hadithi hii inatengenezwa na kutengenezwa tena. Imebadilisha nguo mara nyingi. Lakini jambo moja halikubadilika: aliyefungua kaburi ndiye shujaa, na mwenye kaburi ndiye shetani. Laana imetumika kumficha mwizi. Jambo hili linatugusa sisi watu wa Tanganyika, na linawagusa zaidi jamaa waliokimbia vita na kuacha makaburi ya wazazi wao nyuma. Nitaeleza kwa nini.

Laana iliyozaliwa gazetini

Tuanze na yaliyotokea kweli. Tarehe 4 Novemba 1922, katika Bonde la Wafalme karibu na mji wa Luxor, wafanyakazi wa Kimisri walikuta ngazi ya mawe chini ya mchanga. Walikuwa wakichimba chini ya Mwingereza Howard Carter, kwa pesa za tajiri wa Kiingereza, Lord Carnarvon. Ngazi hiyo iliteremka hadi kaburi la mfalme Tutankhamun, aliyefariki akiwa kijana zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Mwaka ule ule, mwezi Februari, Misri ilikuwa imetangazwa kuwa nchi huru, ingawa askari wa Uingereza walikuwa bado wamebaki humo.

Mwezi Januari 1923, Carnarvon aliuza habari za kaburi kwa gazeti moja tu, The Times la London. Magazeti mengine yote yalifungiwa nje. Waandishi wa Misri wenyewe walibaki juani, mbele ya kaburi la mfalme wa nchi yao, wakingoja kusoma habari zake katika gazeti la London. Sisi tunaofanya kazi hii tunajua kinachofuata. Mwandishi akinyimwa habari, uvumi unachukua nafasi yake.

Tarehe 5 Aprili 1923 Carnarvon alifariki mjini Cairo. Mbu alimuuma shavuni, akajikata pale pale wakati wa kunyoa, kidonda kikaoza, damu ikaingiwa na sumu, halafu mapafu yakashikwa. Alikuwa mtu mwenye afya dhaifu tangu ajali ya gari aliyoipata miaka mingi kabla. Lakini magazeti yaliyokosa habari za kaburi sasa yalikuwa na habari yao wenyewe: mfalme amelipiza kisasi. Arthur Conan Doyle, yule aliyetunga hadithi za Sherlock Holmes, naye aliwaambia waandishi kwamba huenda ni kazi ya pepo. Yakatajwa hata maneno ya laana yaliyoandikwa kaburini. Maandishi ya namna hiyo hayakukutwa mule.

Na wale wengine walioingia? Howard Carter, aliyekuwa wa kwanza kuchungulia ndani, aliishi hadi 1939. Binti wa Carnarvon, Evelyn, aliyeingia pamoja nao siku za kwanza kabisa, alifariki mwaka 1980. Mwaka 2002 jarida la waganga la Uingereza, British Medical Journal, lilitoa uchunguzi juu ya wazungu 44 waliokuwa Misri wakati ule na kutajwa na Carter. Watu 25 kati yao walikuwa wamehudhuria kufunguliwa kwa kaburi, sanduku au maiti. Mchunguzi alilinganisha miaka waliyoishi na ile ya wenzao, hakuona alama ya laana.

Kuna jambo moja ambalo filamu hazionyeshi. Mwezi Novemba 1925, Carter na daktari Douglas Derry walitaka kutoa maiti ya mfalme katika jeneza. Mafuta ya mazishi yalikuwa yameganda, yameishika kama gundi. Basi waliikata. Kichwa kilitenganishwa na shingo, mikono na miguu ikatolewa kwenye viungo, visu vikapashwa moto ili vipite. Ukitazama filamu unaona mumia anawararua watu. Katika kaburi la Luxor ni watu waliomrarua mfalme, wakaandika kazi hiyo katika daftari.

1932: maiti iliyokuwa inasema

Kampuni ya Universal ya Marekani ilitoa filamu yake ya kwanza ya jina The Mummy mwaka 1932. Aliyeandika mchezo wake, John Balderston, alikuwa mwandishi wa habari aliyefuatilia mambo ya kaburi la Tutankhamun. Kwa hiyo uvumi wa gazeti uliingia moja kwa moja katika sinema. Karl Freund aliiongoza, na Boris Karloff alicheza kuhani Imhotep, aliyezikwa hai kwa sababu alijaribu kumfufua mwanamke aliyempenda. Vijana wakiiona leo watashangaa: hakuna mbio, hakuna bunduki nyingi. Karloff anaonekana katika vitambaa muda mfupi tu mwanzoni. Baadaye anatembea kama mzee wa heshima, amevaa kofia nyekundu, anajiita Ardath Bey, anasema Kiingereza safi.

Na anasema neno zito. Anawaambia Waingereza kwamba Wamisri hawaruhusiwi kuchimba wafu wao wenyewe, ruhusa hiyo ni ya majumba ya makumbusho ya kigeni. Neno hilo ni fupi, mtu anaweza kulikosa akipiga chafya. Lakini lilisemwa, na lilisemwa na yule ambaye filamu inataka tumwogope. Kwa maoni yangu, hapo ndipo mfululizo huu ulipokaribia ukweli kuliko wakati mwingine wowote.

Angalieni pia jambo lingine katika filamu ile. Watumwa waliomzika Imhotep wanauawa ili wasije wakasema kaburi liko wapi. Halafu askari waliowaua nao wanauawa. Hakuna anayewalilia, filamu inawapita kwa dakika moja.

Ulimi ukakatwa

Mwaka 1940 Universal ilianza tena, na mumia mwingine anayeitwa Kharis. Zikafuata filamu tatu, moja mwaka 1942 na mbili mwaka 1944, Lon Chaney Junior akiwa ndani ya vitambaa. Zilitengenezwa kwa pesa kidogo na kwa haraka. Katika hadithi mpya, Kharis alikatwa ulimi kabla ya kuzikwa hai. Hasemi tena. Anaburuta mguu, ananyosha mkono, anakaba shingo. Anaamshwa kwa majani yaliyochemshwa, na anatumwa na makuhani hadi Marekani kuwaua waliofungua kaburi pamoja na jamaa zao.

Hapa ndipo filamu hizi zilipogeuka. Miaka minane tu baada ya Karloff, mwenye kaburi hana sauti. Hawezi tena kuuliza kwa nini mmenichimba. Amebaki mnyama wa kuogopwa. Kisha mwaka 1955 Universal ilimfanya kichekesho, akikimbizana na wachekeshaji Abbott na Costello.

Uingereza nayo ikaingia. Mwaka 1959 kampuni ya Hammer ilitoa The Mummy yake kwa rangi, Terence Fisher akiongoza, Christopher Lee akiwa Kharis, Peter Cushing akiwa mchimbaji. Tukumbuke wakati: mwaka 1956 Rais Nasser alikuwa ametaifisha mfereji wa Suez, na Waingereza, Wafaransa na Waisraeli wakaishambulia Misri, kisha wakalazimika kuondoka. Miaka mitatu baadaye watu wa London walikaa katika sinema wakimtazama Mmisri anayeingia usiku katika nyumba ya Mwingereza ili kuua. Kuna pahali pazuri katika filamu ile: Mmisri Mehemet Bey na yule mchimbaji wanaketi sebuleni na kubishana kama ni haki kufukua wafu wa watu wengine. Mchimbaji anajibu kwa dharau. Mazungumzo yanakwisha, na kazi ya kuua inaendelea. Swali limeulizwa, halikujibiwa.

Kicheko na dhahabu

Sasa tufike kwenye zile ambazo wengi wenu mnazijua kwa moyo. Mwaka 1999 Stephen Sommers aliileta The Mummy upya, Brendan Fraser akiwa Rick O'Connell, Rachel Weisz akiwa Evelyn, na Arnold Vosloo kutoka Afrika ya Kusini akiwa Imhotep. Haikupigwa Misri, jangwa lile ni la Moroko. Iligharimu dola milioni 80 hivi na ikaingiza zaidi ya milioni 400. Hofu iligeuka mchezo: mbio, kicheko, mapenzi, wadudu wanaoingia chini ya ngozi. Sitajifanya, mimi pia naipenda. Fraser anachekesha, na Evelyn ni mwanamke anayesoma vitabu na kuokoa wenzake kwa akili yake. Ndiyo sababu watoto wa kike wanampenda.

Lakini tazama tena kwa macho mawili. Kuna wakati Wamarekani wanataka kufungua sehemu iliyofichwa chini ya sanamu. Mwalimu wao anashauri wachimbaji wenyeji ndio wafungue. Wanafungua, sumu inawarukia, wanayeyuka palepale. Hawana majina. Hakuna anayeuliza watoto wao watakula nini. Kijana wa huku ambaye kaka yake anashuka katika shimo la dhahabu au la coltan anaweza kuelewa picha hiyo vizuri kuliko mtu wa Hollywood aliyeitunga.

Tazama pia Ardeth Bay, mlinzi mwenye alama usoni, aliyechezwa na Oded Fehr. Jina lake ni lile la mumia wa 1932, limebadilishwa herufi kidogo tu. Kazi yake na ya watu wake ni kulinda kaburi lisifunguliwe. Tangu mwanzo anawaambia wageni: ondokeni hapa. Alikuwa na haki kwa kila neno. Hawakumsikiliza, wakaamsha balaa, watu wa Cairo wakaanguka kwa mapigo, halafu sinema nzima inawashangilia wale wale walioleta balaa kwa kuwa wamelizima. Mwishoni wanaondoka na ngamia waliopakiwa dhahabu ya kaburi. Watu katika nyumba ya video wanapiga makofi.

Na Imhotep mwenyewe? Imhotep wa kweli alikuwa mshauri wa mfalme Djoser, zaidi ya miaka 4,600 iliyopita. Anatajwa kama msimamizi wa ujenzi wa piramidi ya ngazi ya Saqqara, piramidi ya kwanza kabisa. Karne nyingi baada ya kifo chake, Wamisri walimheshimu kama mungu wa uponyaji, wagonjwa wakaenda kumwomba afya. Mwafrika aliyekumbukwa kama mjenzi na mganga, leo duniani kote mtoto akisikia jina lake anafikiri maiti inayofungua mdomo na kutoa wadudu.

Iliyofuata mwaka 2001 inapeleka maiti ya Imhotep London, na inaamshwa ndani ya British Museum. Ile ya 2008 ikahamia China, na mfalme wa huko aliyechezwa na Jet Li. Misri ilikuwa imekwisha kutumika, sasa wanatafuta kaburi la watu wengine.

Mwaka 2017 Universal ilijaribu tena, na Tom Cruise. Safari hii mumia ni mwanamke, Ahmanet, aliyechezwa na Sofia Boutella, mzaliwa wa Algeria. Cruise anacheza askari wa Marekani nchini Irak ambaye anaiba vitu vya kale na kuviuza kwa siri. Nilifikiri: mwishowe wamesema. Kwa maana sote tunakumbuka Aprili 2003, jumba la makumbusho la Baghdad lilivyoporwa siku ambazo majeshi ya Marekani yaliingia mji ule, maelfu ya vitu vikapotea. Lakini hapana. Mwizi huyo mwishoni anapewa nguvu za mungu. Ahmanet anafungwa minyororo katika chumba cha siri chini ya jumba la makumbusho la elimu ya viumbe la London, anachunguzwa kama mdudu. Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 400, lakini ilikuwa imegharimu pesa nyingi mno, na mpango wa kutoa filamu nyingine zinazofuatana nayo ukafutwa. Watu wa sinema walisema ilikosa kicheko, ilikosa hofu. Mimi naona ilikosa pia aibu.

Wamisri waliisimulia wenyewe

Kuna filamu nyingine yenye neno mumia katika jina lake la Kiarabu, na hii haionekani katika nyumba zetu za video. Aliitengeneza Mmisri Shadi Abdel Salam, mwaka 1969. Ndani yake hakuna maiti inayotembea. Kuna ukoo wa Qurna, karibu na Luxor, unaojua pahali pa siri palipofichwa maiti za wafalme. Kwa miaka mingi wanatoa kitu kimoja kimoja na kukiuza ili waishi. Baba anapokufa, kijana wake anaonyeshwa siri hiyo. Anauliza moyoni: je, mkate huu tunaokula ni mkate wa namna gani? Ni hadithi iliyotoka katika jambo la kweli, kwani mwaka 1881 maiti za wafalme wengi zilikutwa kweli mahali pale, baada ya jamaa wa ukoo wa Abd el-Rassul kusema siri.

Filamu hiyo inamwonea huruma kila mtu: wafu, na maskini wanaokaa juu yao. Haimwiti mtu shetani. Na hadithi ya Qurna haikwishia katika sinema. Kuanzia mwaka 2006 serikali ya Misri ilibomoa nyumba za kijiji kile, wakaaji wakahamishwa ili makaburi yaliyo chini yalindwe na watalii wapite. Waliozaliwa pale wakapewa nyumba mahali pengine. Nyinyi mlioacha vijiji vyenu mnajua kwamba kupewa paa ni jambo moja, na kurudishiwa pahali penu ni jambo lingine.

Wamisri wamejibu kwa njia nyingine pia. Tarehe 3 Aprili 2021 walizihamisha maiti 22 za kifalme, wafalme 18 na malkia 4, kutoka jumba la zamani la makumbusho la Cairo hadi jumba jipya la Fustat. Kila moja ilikuwa katika gari lake lililopambwa, mizinga ikapigwa mara 21, Rais akasimama kuzipokea kama wageni wa taifa. Siku chache mbele ya sherehe meli Ever Given ilikuwa imekwama katika mfereji wa Suez, na treni mbili zilikuwa zimegongana huko Sohag. Mitandaoni watu walisema mara moja: laana ya mafarao. Hata Misri kwenyewe uvumi wa 1923 bado una miguu. Lakini meli iliinuliwa na mashine na maji kujaa, haikuinuliwa na tambiko.

Kaburi la Lusinga liko wapi

Sasa nirudi nyumbani, kwa maana mambo haya si ya Misri peke yake.

Katika Kiswahili cha pwani kuna neno la zamani, mumiani. Linatoka katika shina moja na mumia, yaani dawa nyeusi iliyouzwa kama lami, ambayo watu waliamini imetengenezwa kwa damu au miili ya watu. Hawakukosea sana: kwa karne nyingi, Ulaya, unga wa maiti za Misri uliuzwa kwa wagonjwa kama dawa. Wakati wa ukoloni neno mumiani likawa jina la watu wanaokamata wenzao usiku kuchukua damu yao. Huku Katanga wazee waliwaita batumbula, wanaotumwa na wazungu. Tazameni tofauti. Katika hadithi ya Hollywood, maiti ya Mwafrika inainuka kumkamata mzungu. Katika hadithi ya wazee wetu, ni mzungu anayekuja kuchukua mwili wa Mwafrika. Sisemi batumbula walikuwapo kama walivyosimuliwa. Nasema wazee wetu angalau hawakumkosea mwizi.

Kwa sababu miili ilichukuliwa kweli. Mwezi Desemba 1884, katika milima iliyo upande wa Moba, watu wa luteni wa Kibelgiji Émile Storms, ambaye wenyeji walimwita Bwana Boma, walimwua chifu Lusinga wa Watabwa na kumkata kichwa. Storms alikuwa na kituo chake Mpala, hapa pwani ya ziwa letu, kwa ajili ya shirika la Mfalme Leopold wa Pili. Lusinga hakuwa malaika: aliogopwa kwa kuvamia vijiji na kuuza watumwa. Lakini fuvu lake lilipelekwa Ubelgiji, pamoja na mafuvu ya wakubwa wengine wawili, na sanamu ya mababu zake ikapelekwa vile vile. Storms aliyaweka mafuvu nyumbani kwake. Baada ya kifo chake, mjane wake aliyatoa kwa jumba la makumbusho la Tervuren, na baadaye yakahamishiwa taasisi ya elimu ya viumbe ya Brussels. Mwaka 2018 mwandishi wa habari wa Ubelgiji, Michel Bouffioux, aliyaandika haya wazi, ndipo watu wengi wakaanza kuuliza.

Msomaji, soma tena pahali lilipohifadhiwa fuvu la chifu: nyumba ya elimu ya viumbe, kama Ahmanet katika filamu. Tofauti ni kwamba Lusinga hakuamka kumkaba mtu. Hakuna mbu wake aliyeingia gazetini. Kama angekuwa na laana, labda Hollywood ingemjua.

Na sote tunamkumbuka Patrice Lumumba, aliyeuawa tarehe 17 Januari 1961. Mwili wake ulikatwa na kuyeyushwa kwa asidi, na polisi mmoja wa Kibelgiji alibaki na jino lake kwa miaka mingi. Jino hilo lilirudishwa Juni 2022, likapitishwa katika nchi, likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Watu walilia barabarani kwa ajili ya jino moja. Hakuna aliyeliogopa. Mwili unaorudi kwa watu wake hauletwi na hofu, unaletwa na machozi, na baada ya machozi watu wanapumua.

Tufanye nini

Sisemi tufunge nyumba za video. Watoto wa kambini wana furaha chache, na filamu ya saa mbili inaweza kumsahaulisha mtoto mlio wa bunduki. Naomba mambo matatu.

La kwanza, wewe baba, mama, kaka mkubwa, au wewe mtafsiri mwenye kipaza sauti: filamu ikisimama kidogo, uliza watoto, huyu ameingia nyumba ya nani? Wachimbaji waliokufa walikuwa na majina gani? Watoto watajibu, na majibu yao yatakushangaza.

La pili, tusiutumie uvumi wa laana kwa jirani zetu. Katika kambi mtoto anaharisha usiku na asubuhi amekufa, na kabla ya saa sita bibi mmoja mjane ameanza kutajwa jina. Carnarvon aliuawa na kidonda kichafu, wakasema mfalme. Sisi tunauawa na maji machafu na kipindupindu, tunasema bibi. Na hapa pia laana inamficha mwenye kosa: yule aliyepaswa kuleta maji safi na hakuleta, na yule aliyetufukuza katika vijiji vyenye visima vyetu. Mkimbize mgonjwa kwa waganga wa kituo cha afya. Mwacheni bibi.

La tatu ni la makaburi yetu wenyewe. Familia nyingi hapa zimeacha wafu huko juu, wengine wamezikwa kando ya njia bila msalaba wala jiwe. Waandikeni. Jina, mwaka, kijiji, mti ulio karibu, mto ulio chini. Mpeni mtoto anayejua kuandika daftari hilo alitunze. Kaburi lenye jina katika daftari ni vigumu mtu mwingine kuja kusema siku moja kwamba pale hapakuwa na wenyewe.

Na wazee wa Moba, wa Mpala, wa Marungu, nyinyi mliosikia habari za Lusinga kutoka kwa babu zenu, zile za kumsifu na zile za kumlaumu, karibuni kwenye redio. Tutazirekodi zote mbili. Siku fuvu lile litakapotakiwa kurudi, watu wa Brussels watauliza nani anayelidai, na jibu haliwezi kutoka katika filamu.